Jana Ulilala Wapi

Wimbo ule Kahonzi alikuwa ameusikia arusini, kwenye mikutano ya siasa, kwenye vibanda vya kukamua miwa, na vinywani mwa watoto ambao hawakuwa wamezaliwa alipoutunga. Hakuwa amewahi kuusikia akiimbiwa baba yake. Jumatano hiyo alasiri aliusikia kwenye simu. Wifi yake Janet, mke wa mdogo wake Kitsao, alikuwa amejibanza nyuma ya jiko huko kijijini Jilore. Aliinua tu simu juu, na sauti za vijana zikaingia sikioni mwa Kahonzi, sauti zenye furaha, zilizojua kila neno.

Mvi hizo si mvi, ni unga wa makaburini,
Macho hayo si moshi, ni moto wa gizani,
Babu, eh babu, jana ulilala wapi?
Kitanda chako baridi, jana ulilala wapi?

"Umesikia?" Janet alinong'ona. "Tangu Jumapili wanakuja uani. Leo wana chupa ya petroli. Wifi, njoo umchukue baba. Njoo kesho, kesho kutwa utakuja kuzika."

"Kitsao yuko wapi?"

"Yuko ndani. Anawasikiliza."

Kahonzi Nzai alikuwa mtunzi wa maneno ya nyimbo za jukwaani. Kuimba hakujua, sauti yake ilikuwa kavu, ikikwama njiani. Alianza kwa kuwaandikia vijana wa kanisa mchezo wa Krismasi, akaendelea na shule zilizotaka ushindi kwenye tamasha za drama, mpaka akakutana na Marvin Mwenda, mpiga kinanda kutoka bara aliyetaka kuanzisha kundi la michezo ya kuimba hapa Malindi. Mwenda alitia sauti, Kahonzi akatia maneno. Michezo yao ilichezwa kwenye kumbi za mahoteli na viwanja vya shule, na mara moja kule Kilifi mbele ya wakubwa wa kaunti, ambao walipiga makofi na kupiga picha na waigizaji, yeye akiwa ameshika mabegi yao. Jina lake kwenye mabango liliandikwa chini kabisa, kwa herufi za kusomwa na aliyeinama. Lakini waliojua kazi hiyo walijua ni nani aliyeandika Mzee Mvi.

Na Mzee Mvi haukuwa mchezo wa kumcheka mzee. Hilo ndilo lililomkereketa. Wimbo ule aliutia vinywani mwa walevi watatu, ili ukumbi ucheke pamoja nao, kisha uone aibu. Katika sehemu ya pili ukweli unatoka: mzee aliuza ng'ombe wake wa mwisho ampeleke mjukuu hospitali, na waliomwita mchawi ni wale waliokuwa wakilitamani shamba lake. Kuna wimbo wa mwisho, mzee akiwa peke yake, ambao Kahonzi aliuandika huku machozi yakimtoka. Huo hakuna aliyeujua. Watu walikata ule wa walevi, wakautia kwenye simu zao, wakaenda nao.

Asubuhi iliyofuata alifika Jilore, akamkuta baba yake, Mzee Nzai, ameketi mlangoni mwa nyumba yake ya udongo, panga juu ya magoti, kichwa wazi, mvi zikimeta juani. Macho yake yalikuwa mekundu kwa miaka ya kuchoma makaa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umekuja kunizika au kuniimbia?"

Mzee Nzai hakuwa mpole, wala hakuwahi kujaribu kuwa mpole. Aliwahi kumfukuza mchungaji kwenye kiambo chake kwa sababu alichelewa kuja kuombea mahindi. Watoto wake walikua wakiuogopa ulimi wake kuliko fimbo.

"Fungasha nguo zako, baba. Twende kwangu."

"Nikiondoka leo watasema nimekimbia. Nikibaki watanichoma. Wewe ndiwe mwenye maneno. Hapo mtu husema nini?"

Kahonzi alikwenda kumtafuta Kitsao, akamkuta nyuma ya nyumba yake, kando ya kaburi bichi la mwanawe Tevin, amechuchumaa, aking'oa majani ambayo hayajaota sawasawa. Tevin alikuwa ametoka kumaliza shule ya upili. Wiki mbili nyuma homa ilimshika Ijumaa, na Jumatatu akawa maiti. Kitsao alikuwa amekonda, na Kahonzi alipomwona hivyo hasira zilitaka kumshuka. Alizishikilia.

"Vijana wanataka kumchoma baba yako, nawe umekaa ndani."

"Dada, mimi nimezika mtoto. Usinijie na sauti hiyo."

"Mtoto alikufa kwa homa. Daktari aliandika."

"Daktari aliandika ugonjwa. Hakuandika ni nani aliyeutuma."

"Na yule tajiri wa matikiti? Yeye alitumwa na nani?"

Kitsao alisimama. Kwa muda wa miezi kadhaa mtu mmoja mwenye gari kubwa, aliyetaka pa kulima matikiti, alikuwa akija kulitazama shamba la mzee, upande ule unaoteremka mtoni. Mzee Nzai alimjibu mara ya kwanza kwa maneno, mara ya pili kwa kumfungulia mbwa.

"Baba amekalia shamba zima peke yake," Kitsao alisema. "Hauzi, hagawi. Mimi nina watoto. Lakini hilo ni jambo lingine kabisa. Sijamwita mtu mchawi mimi. Ni watu wanaosema."

"Watu gani?"

"Watu! Na maneno wanayosema si yangu, ni yako. Ulipewa makofi kwa ajili yake. Mimi sikuwafundisha wale vijana wimbo."

Mkono wa Kahonzi uliinuka wenyewe. Aliushusha akauweka kiunoni, akamtazama mdogo wake ambaye yeye alimbeba mgongoni utotoni, akageuka. Alipita kwa chifu. Chifu alimsikiliza huku akisoma simu yake.

"Kuimba si kosa, mama. Wewe mwenyewe si unaishi kwa kuimba?"

"Wana petroli, bwana chifu."

"Wana pikipiki. Ulitaka pikipiki itiwe maji?" Kisha, kwa kuwa hakuondoka, chifu alivuta pumzi. "Ijumaa ya wiki mbili zijazo nitaita baraza. Mpaka hapo mweke mzee kwako."

Mzee alikubali kuondoka mpaka siku ya baraza tu. Walipokuwa wakitoka kiamboni, mzee na mfuko wake wa nguo mbele, Kahonzi nyuma yake, vijana walikuwa uani tayari, pikipiki zimeegeshwa. Chupa ilining'inia kwenye usukani wa mmoja wao, na ndani yake mafuta ya rangi ya chai. Mwenye pikipiki hiyo, kijana mmoja mwenye meno mazuri aliyeitwa Lewa, alimkodolea Kahonzi macho, kisha akatabasamu uso mzima.

"Dada! Si wewe ndiwe mtunzi? Nilikuona Malindi kwenye onyesho. Wallahi tunakukubali!" Akatoa simu. "Tafadhali, picha moja tu. Wenzangu hawataamini."

Na kabla Kahonzi hajapata sauti, kijana alikwisha kusogea begani pake, akanyoosha mkono, akabonyeza. Nyuma yao kwenye picha hiyo alionekana Mzee Nzai, amegeuka kuwatazama.

Huko Malindi, Kahonzi alikaa vyumba viwili vya kupanga na mumewe Simeon, fundi wa majokofu, mtu wa bara aliyekuja pwani kikazi akaoa akakaa, na binti yao Lynn. Mzee alipewa kitanda cha Lynn. Kufikia siku ya pili, nyumba yote ya wapangaji ilikuwa ikijua. Nani aliyesema haikujulikana. Nguo za mzee zilipoanikwa kwenye kamba ya uani, wengine waliziondoa zao zikiwa bado mbichi. Watoto walipita dirishani wakivuma tu, bila maneno, maana sauti peke yake ilitosha. Lynn aliwakimbiza kwa ufagio, akarudi analia.

Mama Vivian, mwenye nyumba, alikuja na sahani ya mahamri, ishara ya kuwa alileta jambo baya.

"Mama Lynn, mimi mwenyewe sina neno. Baba yako ni baba yangu. Lakini wapangaji wana watoto wachanga, unajua tena."

"Sijui. Niambie."

"Usinikasirikie. Nilikuwa nafikiri, wengine huwapaka wazee wao piko, ile rangi nyeusi. Mzee akipakwa piko kichwani akavaa shati la kijana, anapita tu, hakuna anayemshuku."

Simeon, aliyekuwa akifungua viatu mlangoni, alisema bila kuinua kichwa: "Mama Vivian, mzee anakaa. Ukitaka kumtoa, andika notisi yetu sote."

Mahamri yalirudi yalikotoka. Lakini neno la piko lilibaki. Kesho yake Kahonzi alijikuta dukani, kisha akajikuta jikoni akiukoroga ule ungaunga mweusi kwenye kibakuli, akijiambia kuwa ni kwa siku chache tu. Alimkalisha baba yake kwenye kigoda, akamtupia taulo mabegani. Mzee alidhani ananyolewa. Harufu ilipompata aliinuka, kigoda kikaanguka.

"Nini hicho?"

"Ni piko, baba. Mpaka baraza lipite."

"Nipakwe piko kama bi arusi? Nani ananioa?" Alikipiga kibakuli teke, na weusi ukarukia ukuta, sakafu na kanga ya Kahonzi. "Nenda sokoni Jilore uone. Hakuna mzee hata mmoja. Kuna vijana watupu wenye magongo! Wote wamepaka. Watu niliotahiriwa nao wanajificha ndani ya rangi kama wezi. Mimi sikuiba mvi hizi."

Kahonzi alipiga magoti kusugua sakafu. Weusi haukutoka. Alisugua kwa nguvu, kwa hasira asizojua azielekeze wapi, kwa Kitsao, kwa Mama Vivian, kwa Lewa na picha yake, na zaidi ya wote kwa yule mwanamke kijana aliyekaa siku moja miaka iliyopita akatafuta maneno yatakayowachekesha watu, akayapata.

Mwenda na kundi lake walikuwa kwenye mazoezi ukumbini. Mzee Mvi ulikuwa unarudi jukwaani Jumamosi.

"Uondoe wimbo ule," Kahonzi alimwambia akiwa bado mlangoni.

Wachezaji wakasimama. Mwenda aliondoa vidole kwenye kinanda. "Upi? Ule? Dada Kahonzi, hiyo ni kama kuniambia nipike pilau bila mchele."

"Baba yangu anawindwa kwa wimbo huo."

"Pole. Kweli kabisa, pole sana." Na alimaanisha; uso wake ulibadilika. "Lakini tukiutoa, mchezo unabaki kilio kitupu. Nani anakata tikiti aje alie?"

"Basi geuza. Anza na sehemu ya pili. Watu wamjue mzee kwanza, ndipo wawasikie walevi."

"Mchezo ni Jumamosi! Waigizaji wamezoea, mabango yamebandikwa."

"Maneno ni yangu, Mwenda. Naweza kuyakataza."

"Na sauti ni yangu." Alisema polepole, kama mtu asiyetaka kusema. "Tukivutana, wewe utabaki na karatasi, mimi nitabaki na wimbo. Na watu hawapigi mluzi karatasi."

Alipofika nyumbani na kumsimulia mumewe, hakujua kuwa mzee anasikiliza upande wa pili wa pazia.

"Nipeleke," sauti ya mzee ilisema. "Kitu ninachoimbiwa kila siku sikijui kichwa wala miguu. Nataka kukiona kizima."

Jumamosi alasiri waliketi safu ya nyuma. Mzee Nzai alivaa shati jeupe lililopigwa pasi na Lynn, na kofia alikataa. Ukumbi ulijaa. Pazia lilipofunguka na wale walevi watatu wakatoka wakiyumba, watu walianza kupiga kelele kabla ya kinanda, na kinanda kilipoingia ukumbi wote ulisimama. Simu zikainuliwa. Wazazi wakawabeba watoto mabegani waone. Babu, eh babu! Mama mmoja mnene aliyekaa karibu nao, amecheka mpaka anafuta macho, aligeuka ili amshirikishe jirani yake raha hiyo, akakutana na mvi na macho mekundu. Alivuta mkoba wake kifuani, akahama kiti.

Mzee Nzai hakusogea. Alikuwa akisikiliza kama mtu anayesomewa mashtaka.

Wimbo uliimbwa mara mbili kwa sababu watu hawakukubali uishe. Kisha yakawa mapumziko, watu wakatoka kwenda kununua soda na viazi karai, na wengi wao hawakurudi. Kahonzi aliwatazama wakitoka. Kila mgongo uliopita mlangoni aliuchukia. Sehemu ya pili ilichezwa mbele ya viti. Muigizaji wa mzee aliimba ule wimbo wa mwisho vizuri kuliko siku zote, na waliousikia walikuwa wachache, baadhi yao wamelala.

Nje, jua lilikuwa bado kali. Mzee alisimama kwenye kivuli cha ukuta.

"Ile ya pili umeiandika wewe?"

"Ndiyo, baba."

"Yote?"

"Yote."

"Ni ya kweli kabisa. Kila neno. Nani aliiona?"

Kahonzi aligeukia mlango wa ukumbi, ambako wachache walikuwa wakitoka.

"Kwa nini ukauweka ukweli nyuma?"

"Ndivyo michezo inavyoandikwa, baba. Kwanza watu wacheke, wakishacheka wanafungua moyo, halafu..."

"Walipokwisha kucheka walikwenda zao!" Mzee alipaza sauti hadi wauzaji wakageuka. "Ulijua hilo. Umekaa kwenye ukumbi huu mara ngapi, ukawaona wakitoka? Uliwaona, mwanangu. Ukarudi nyumbani ukalala."

Alitaka kujitetea. Maneno yote aliyokuwa nayo yalikuwa ya kuwapa watu wengine waseme.

Kwa siku zilizofuata Kahonzi hakulala vizuri wala kula vizuri. Alipika akiwa anasogeza midomo. Alimtuma Lynn chumvi, akasahau alichomtuma. Hakuandika popote; maneno aliyageuza kinywani, akiyapima kwenye sauti ile ile ya Mwenda, silabi kwa silabi, kwa kuwa alijua kuwa sauti mpya ingehitaji miaka kufika Jilore, na hii ilikwisha kufika.

Ijumaa baraza lilikaa kwenye uwanja wa ofisi ya chifu, chini ya turubai la kukodi. Watu walikuwa wengi. Mzee Nzai aliketishwa mbele peke yake, viti vya pande zote mbili vikaachwa tupu. Kitsao alipewa nafasi kwanza. Alisema kwa upole kwamba anampenda baba yake, kwamba hana ushahidi, kwamba anachotaka ni amani tu, na kwamba labda kwa usalama wa mzee mwenyewe ingefaa ahamie mjini kwa binti yake, na shamba lipate mtu wa kuliangalia. Wazee waliopakwa piko waliitikia kwa vichwa. Huko nyuma, kwenye pikipiki zao, Lewa na wenzake walianza kuvuma ile sauti, chinichini. Chifu alijifanya anatafuta kalamu.

Kahonzi alisimama bila kuitwa. Hakuwa amewahi kuimba mbele ya watu hata kanisani.

"Pandisheni sauti," aliwaambia vijana. "Mbona mnavuma? Pandisheni, niwape maneno."

Wakacheka, wakapandisha. Naye akaingia na ile sauti yake kavu, bila utamu wowote, kama mtu anayepiga kelele za mwizi:

Mvi hizi ni mvi, za jua la shambani,
Macho haya ni moshi, wa makaa ya tanuruni,
Babu, eh babu, shamba lako ekari ngapi?
Tajiri yuko njiani, shamba lako ekari ngapi?

Mvumo wa vijana ulilegea, lakini haukukatika, kwa kuwa midomo yao ilikwisha kuuzoea wimbo. Kahonzi alimgeukia ndugu yake. Alijua kuwa angeweza kuishia hapo. Hakuishia.

Kijana, eh kijana, umepewa bei gani?
Roho ya mzazi wako, umepewa bei gani?

Kisha bibi kizee mmoja katika safu ya wanawake, ambaye mumewe alichomwa ndani ya nyumba yake mwaka uliopita na hakuna aliyeulizwa, aliurudia mstari ule wa mwisho. Akaurudia tena. Wanawake waliokuwa karibu naye wakaingia. Umepewa bei gani? Wakapiga makofi. Mzee mmoja aliinama akaficha kichwa chake cheusi mikononi. Kitsao alitazama kulia, akatazama kushoto, akatafuta uso wa kumwonea huruma, akaukosa. Aliondoka akipita katikati ya viti, na wimbo ukamfuata hadi barabarani. Chifu, alipoona upepo umegeuka, alipata kalamu yake. Akaandika kwamba mtu yeyote atakayeonekana na petroli uani kwa Mzee Nzai atapelekwa kituoni.

Mzee alirudi nyumbani kwake siku hiyo hiyo. Kwa binti yake alisema neno moja tu: "Afadhali."

Kitsao alihamia Vipingo kwa rafiki yake. Tajiri wa matikiti hakuonekana tena. Wimbo mpya ulishuka kutoka Jilore ukafika Malindi kabla ya mwezi kwisha, na Mwenda alipiga simu mara nyingi akitaka kuutia kwenye mchezo, akiahidi jina la Kahonzi litakuwa juu. Kahonzi hakupokea.

Ndipo siku moja Janet akaja Malindi na binti yake mdogo, Emily, mwenye sare ya shule iliyochanika bega. Hakutaka kuketi.

"Uzime wimbo wako, wifi."

"Siwezi kuuzima. Na kama ningeweza..." Kahonzi alihisi zile hasira zikipanda tena. "Baba alipoimbiwa, nani alimwomba Kitsao auzime wimbo?"

"Kitsao hayupo, yuko Vipingo, hausikii. Anayeusikia ni huyu." Alimvuta mtoto mbele. "Kila siku njiani. 'Baba yako, eh baba yako, alipewa bei gani?' Jana wamemvuta nguo. Leo amekataa kwenda. Mtoto huyu aliuza nini?"

Kahonzi aliitazama ile sare.

"Mimi nilikupigia simu," Janet alisema, na sasa alikuwa akilia. "Kaburi la mwanangu halijakauka, mume wangu yuko ndani, nami nikakupigia. Nilimwokoa baba yako. Wewe ulipokuwa unatunga, ulinikumbuka? Ulikumbuka kama nina mtoto mwingine?"

Hakukumbuka. Alikuwa na ndugu yake machoni, na mizani ya silabi, na uwanja uliojaa watu. Alimshika Janet mkono, na Janet akauacha mkono wake ushikwe, yeye hakushika.

Jumapili Kahonzi alikwenda Jilore akamweleza baba yake. Mzee alisikiliza, taya zikisagana.

"Wanamwimbia mjukuu wangu?"

"Ndiyo."

"Mwambie mama yake kesho mtoto amvalishe. Nitampeleka mimi."

Asubuhi Emily alisimama nyuma ya mama yake na mkoba mgongoni, akachungulia. Tangu Tevin afe alikuwa ameambiwa na watoto wakubwa ni nani aliyemla kaka yake. "Mama," aliuliza, akidhani ananong'ona, "tsawe hatanila?"

Mzee alisikia; neno hilo la nyumbani la kumwita babu, tsawe, lilitoka kinywani mwa mtoto kama jina la mnyama. Kitu kilipita usoni pake ambacho Kahonzi hakuwahi kukiona, kikapita haraka.

"Sina meno ya kula mtoto," alisema. "Njoo. Umechelewa."

Alinyoosha mkono. Baada ya muda Emily alikishika kidole kimoja, cha mwisho, kwa ncha. Wakatangulia njiani, mzee kichwa wazi, mtoto akijitenga mbali kadiri kidole kilivyomruhusu, Kahonzi na Janet nyuma yao.

Langoni mwa shule watoto walikuwa wamejaa. Mmoja alikwisha kufungua kinywa. Alipomwona aliyekuja na Emily, alikifunga. Mzee Nzai alisimama katikati ya lango.

"Haya," alisema. "Imbeni."

Hakuna aliyeimba.

"Nimetembea nije nisikie. Mna wimbo wangu, mna wimbo wake. Anzeni mnaoupenda!"

Mwalimu wa zamu alitoka ofisini, akaona, akabaki pale alipo. Kengele ililia. Watoto wakatazamana, kwa sababu lango lilikuwa moja na mzee alikuwa amesimama ndani yake. Emily aliachia kidole akapita wa kwanza, akitembea, hakukimbia. Baada yake wengine wakaanza kupita mmoja mmoja, wamejibana ukutani, na kila mmoja alipofika mbele ya zile mvi, mzee alimzuia kwa mkono mpaka aseme.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Pita."

"Shikamoo."

"Sikusikia. Rudi nyuma uje tena."

Aliwaitikia wote, kwa sauti ya hasira, hadi wa mwisho akaingia.